Mwongozo Kamili: Kumwandaa Mgonjwa kwa Upasuaji na Kutumia Dawa za Usingizi na Ganzi kwa Usalama

Mgonjwa yuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Gauni amevaa, jina limeshaitwa, daktari ananawa mikono. Ndipo anaposema kwa sauti ya chini, "Alfajiri nilikunywa chai kidogo tu." Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa. Upasuaji unaahirishwa, au, kwa bahati mbaya zaidi, hakuna aliyemsikia na kazi inaendelea.

Kosa hili halikuanzia mlangoni. Lilianzia wodini, jana yake, pale mtu alipomwambia "usile" bila kumweleza nini, hadi saa ngapi na kwa nini. Karibu kila tatizo ninaloulizwa na wauguzi na matabibu wa hospitali ndogo lina mzizi wa aina hiyo: dawa ya usingizi inalaumiwa, kumbe maandalizi ndiyo yaliyokuwa na pengo.

Mwongozo huu ni kwa wahudumu wa afya waliofunzwa wanaofanya kazi wodini, kwenye chumba cha upasuaji na katika chumba cha kuamkia. Haumfundishi mtu kutoa usingizi kutoka sifuri. Dozi zilizotajwa ni za kukagulia hesabu yako, na utaratibu wa hospitali yako ndio unaotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Wodini:

- Mizani inayofanya kazi. Kukadiria uzito kwa macho ni chanzo cha dozi mbaya, hasa kwa watoto.
- Mashine ya presha, kipimajoto, kipimo cha sukari na kipimo cha wingi wa damu.
- Fomu ya ridhaa, faili la mgonjwa na kalamu ya wino usiofutika ya kuwekea alama mwilini.
- Kanula (vijirija vya kuingizwa mshipani) za ukubwa tofauti, dripu na plasta.

Kwenye chumba cha upasuaji:

- Oksijeni ya uhakika, pamoja na mtungi wa akiba uliojaa.
- Mfuko wa kupumulishia kwa mkono na barakoa za saizi zote. Hiki ndicho kifaa kitakachookoa maisha umeme ukikatika na mashine ikigoma.
- Mashine ya kunyonya makohozi na matapishi, ikiwa imewashwa na kujaribiwa.
- Laringoskopu (kifaa cha kuangalia koo wakati wa kuweka mrija) yenye taa inayowaka, mirija ya hewa ya saizi unayotarajia pamoja na ndogo yake na kubwa yake.
- Kipima oksijeni cha kidoleni chenye mlio, mashine ya presha na stetoskopu. Kama kuna kipimo cha hewa ya ukaa inayotolewa na mgonjwa, kiwe tayari.
- Meza au kitanda kinachoweza kuinamishwa.
- Dawa za dharura: adrenalini, atropini (huongeza mapigo ya moyo), efedrini (hupandisha presha), diazepamu au midazolamu (hutuliza degedege), glukosi, naloksoni (hutengua dawa za kundi la morfini), na mafuta ya mshipani ya 20% kwa ajili ya sumu ya ganzi.

Kukosekana kwa oksijeni, mfuko wa kupumulishia au mashine ya kunyonya ni sababu tosha ya kusimamisha upasuaji wa kupangwa. Usikubali kusukumwa katika hilo.

## Hatua ya 1: Kaa na mgonjwa, muulize akiwa peke yake

Fanya hivi siku moja kabla, si korido ya kuelekea thieta. Omba ndugu watoke kidogo. Yapo mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya mume, mama mkwe au mwanawe: ujauzito, kileo, dawa za kufubaza virusi, dawa za mitishamba.

Uliza maswali haya kwa lugha ya kawaida:

- "Umewahi kufanyiwa upasuaji? Ulipewa usingizi wa aina gani, na uliamkaje?"
- "Katika ukoo wenu kuna aliyepata shida kubwa au kufariki baada ya kupewa dawa ya usingizi?" Kuna hali za kurithi zinazofanya misuli ikakamae na joto la mwili lipande kupita kiasi mtu anapopewa gesi za usingizi au saksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Familia hujua, ila haisemi mpaka iulizwe.
- "Kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha uso, kukuwasha mwili au kukubana kifua?"
- "Ukipanda ngazi za ghorofa mbili, unalazimika kusimama njiani?" Jibu la swali hili hukueleza hali ya moyo na mapafu vizuri kuliko "una ugonjwa wa moyo?"
- "Unakoroma sana? Kuna aliyekwambia kuwa pumzi yako hukatika usingizini?"
- "Unatumia dawa zipi? Za hospitali, za dukani na za asili, zote nitajie."
- "Una jino linalocheza, au la bandia?"

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, uliza hedhi ya mwisho, na pima ujauzito kwa ridhaa yake.

Kisha tazama njia ya hewa. Mwambie afungue mdomo: vidole vyake vitatu viingie vikiwa vimepangwa wima. Aangalie dari, uone kama shingo inakunjuka. Pima kutoka ncha ya kidevu hadi kwenye koromeo: vidole vitatu. Mwambie atoe ulimi bila kusema chochote. Ukikiona kidaka tonge chote (kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo), vizuri. Usipoona kitu zaidi ya kaakaa gumu, huyo anaweza kuwa mgumu kuwekewa mrija. Andika ulichokiona, na umpigie mtaalamu wa usingizi siku hiyohiyo.

Ridhaa si saini. Mgonjwa aweze kukuambia kwa maneno yake atafanyiwa nini, upande gani, atalala au atabaki macho, na nini kinaweza kwenda vibaya. Akishindwa, rudia maelezo.

Umefaulu ikiwa: faili lina uzito halisi, mzio (hata kama ni "hana"), historia ya usingizi, dawa zote, na maelezo ya njia ya hewa. Mtu asiyemjua mgonjwa akilisoma aweze kumpokea bila kuuliza upya.

## Hatua ya 2: Vipimo vinavyohitajika, na hivyo tu

Mtu mzima mwenye afya anayekatwa uvimbe mdogo wa ngozi kwa ganzi hahitaji orodha ndefu ya vipimo. Humchosha, humgharimu, na mara nyingi huleta jibu lisilobadili chochote.

Pima wingi wa damu pale unapotarajia damu kumwagika, au mgonjwa anapoonekana kupungukiwa. Panga kundi la damu na damu ya akiba iwapo upotevu unaweza kuzidi mililita 500 kwa mtu mzima, au mililita 7 kwa kila kilo kwa mtoto. Mgonjwa wa namna hiyo aingie chumbani akiwa na kanula mbili nene, si moja nyembamba ya bluu. Pima sukari kwa kila mwenye kisukari, jioni na asubuhi.

Upasuaji wa kupangwa unaweza kusubiri damu ipande, kifua kikuu kitibiwe au kikohozi cha mtoto kiishe. Mtoto mwenye mafua mazito na homa ana hatari kubwa zaidi ya koo kujibana ghafla wakati wa usingizi. Mrudishe nyumbani kwa upole, na mpe tarehe mpya palepale, asije akahisi amefukuzwa.

## Hatua ya 3: Dawa anazotumia kila siku

Kosa linalorudiwa ni kumwambia mgonjwa "usimeze kitu chochote asubuhi," naye akaacha hata dawa ya kifafa. Nyingi zinatakiwa kuendelea, kwa funda moja la maji.

- Ziendelee: dawa za kifafa, pumu (aje na pampu yake mkononi), virusi vya ukimwi, tezi ya shingo, na zile za moyo za kundi la propranololi na atenololi. Hizo za mwisho zikikatwa ghafla moyo huweza kuchachamaa.
- Steroidi: kwa aliyezitumia kwa muda mrefu zisiachwe kamwe. Mjulishe mtaalamu wa usingizi.
- Enalaprili, lisinoprili, losartani: wataalamu wengi huzisimamisha saa 24 kabla kwa sababu huishusha presha sana chini ya usingizi. Uliza mwenye zamu.
- Warfarini: kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, kwa maelekezo ya daktari, na damu ipimwe uwezo wake wa kuganda kabla ya sindano ya ganzi ya mgongo.
- Kisukari: vidonge visimezwe asubuhi ya kufunga kula. Insulini ya muda mrefu hupunguzwa. Kwa mwenye kisukari aina ya 1 haiachwi kabisa. Muweke wa kwanza kwenye orodha ya siku, na ulenge sukari ya kati ya 6 na 10 mmol/L.

## Hatua ya 4: Kufunga kula, hapa ndipo wengi wanapoanguka

Sababu kwanza. Mtu akilala kwa dawa, misuli inayofunga njia kati ya tumbo na koo hulegea, na kikohozi kinachokinga mapafu hupotea. Kilichomo tumboni hupanda, huingia kwenye mapafu, na asidi yake huyaunguza. Mweleze mgonjwa hivyo hivyo. Anayejua chakula kinaweza kumfuata hadi mapafuni hafichi chai.

Muda wa kusubiri kabla ya usingizi kwa upasuaji wa kupangwa:

- Vimiminika vyepesi vinavyoonyesha ng'ambo (maji, chai ya rangi, juisi iliyochujwa isiyo na nyama ya tunda): saa 2.
- Maziwa ya mama: saa 4.
- Maziwa ya kopo au ya mnyama, chai ya maziwa, mlo mwepesi: saa 6.
- Mlo mzito, nyama, vyakula vya kukaangwa: saa 8.

Uji si kinywaji. Supu si kinywaji. Maziwa yakifika tumboni huganda, ndiyo maana yanahesabiwa pamoja na chakula.

### Saa ipi?

Hili ni la kwetu tunaosema Kiswahili, na nimeliona likiharibu kazi mara nyingi. Faili limeandikwa "asile baada ya 02:00." Muuguzi wa jioni akamwambia mgonjwa, "Usile baada ya saa mbili." Mgonjwa akaelewa saa mbili usiku, akafunga kwa saa kumi na mbili. Mwingine akaelewa saa mbili asubuhi, akanywa chai akiwa na dhamiri safi.

Kwa hiyo: kwenye faili andika kwa mfumo wa saa 24, na kwa mgonjwa sema kwa Kiswahili chake ukitaja sehemu ya siku. Upasuaji ukiwa saa mbili asubuhi (08:00), mwambie: "Mama, mlo wako wa mwisho umalizike mapema jioni. Ukiamka na njaa, chakula chepesi mwisho saa nane usiku. Maji matupu mwisho saa kumi na mbili alfajiri, basi." Halafu mwambie akurudishie maneno hayo.

### Usifungishe kupita kiasi

Kumnyima mtu maji tangu jioni "ili tuwe salama" si usalama. Huja amekaukiwa, mishipa haionekani, presha inaporomoka mara tu dawa inapoingia. Mtoto mchanga huweza kushuka sukari ya damu. Orodha ikichelewa, muuguzi wa wodi apigiwe simu ili mgonjwa apewe maji tena kwa kufuata kanuni ya saa 2.

### Asubuhi usiulize "Umekula?"

Swali hilo hujibiwa "hapana" na kila mtu, kwa sababu chai na uji havihesabiki kama kula. Uliza: "Tangu jana jioni, nini kimepita mdomoni mwako, na ilikuwa saa ngapi?" Kwa mtoto, muulize mlezi kisha umuulize na mtoto mwenyewe. Watoto husema kweli.

Tahadhari: aliyepata ajali, mwenye uchungu wa uzazi, mwenye utumbo ulioziba au maumivu makali, hesabu kuwa tumbo lake limejaa hata kama saa nyingi zimepita. Mmeng'enyo hupungua sana au kusimama tangu dakika ya kuumia. Kusubiri hakumsaidii, kinachomsaidia ni mbinu sahihi ya usingizi.

## Hatua ya 5: Mwili, ngozi na alama

Aoge kwa sabuni usiku au asubuhi ile. Nywele ziachwe kama hazizuii kazi. Zikizuia, zikatwe kwa mashine ya kukatia, si wembe. Wembe huacha michubuko midogo ambayo vijidudu hujificha ndani yake.

Avue vito, meno bandia, lenzi za macho na rangi ya kucha, maana rangi huweza kupotosha kipima oksijeni. Miwani na vifaa vya kusikia abaki navyo mpaka dakika ya mwisho; mtu asiyesikia hawezi kujibu maswali yako.

Daktari atakayepasua ndiye anayeweka alama sehemu ya kupasuliwa, mgonjwa akiwa macho na akithibitisha. Iwe alama ya mshale inayoonekana hata baada ya mgonjwa kufunikwa mashuka.

Antibiotiki ya kinga, pale inapohitajika, itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Ikitolewa wodini asubuhi kwa upasuaji wa mchana huwa imeshapungua nguvu. Ikitolewa baada ya ngozi kufunguliwa imechelewa.

## Hatua ya 6: Kagua vifaa na dawa kabla mgonjwa hajaingia

Fungua oksijeni usikie ikitoka. Soma geji ya mtungi, kisha ya akiba. Ziba mdomo wa mfuko wa kupumulishia kwa kiganja, uubinye: ukinywea, unavuja. Washa mashine ya kunyonya uweke kidole kwenye mrija. Washa taa ya laringoskopu. Vaa kipima oksijeni kidoleni mwako mwenyewe.

Kila bomba la sindano libandikwe lebo mara tu linapojazwa: jina la dawa na nguvu yake kwa kila mililita. Bomba lisilo na lebo hutupwa, hata kama unaapa unajua kilichomo.

Tahadhari kubwa: soma kichupa mara tatu, unapokichukua, unapovuta dawa, na kabla ya kuchoma. Shirika la Afya Duniani limetoa onyo kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isivuje, kudungwa mgongoni kimakosa kwa sababu vichupa vyake hufanana na vya bupivakaini, dawa ya ganzi. Kosa hilo huleta degedege na mara nyingi kifo. Ziwekeni mbali, kabati tofauti.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya ganzi kwenye karatasi

Ganzi huonekana dawa ndogo. Ndiyo maana huua.

Kanuni ya asilimia: zidisha asilimia mara 10, upate miligramu katika kila mililita. Lignokaini ya 1% ina miligramu 10 kwa mililita. Ya 2% ina 20. Bupivakaini ya 0.5% ina 5.

Kikomo cha juu kinachotumika na wengi:

- Lignokaini bila adrenalini: miligramu 3 kwa kilo.
- Lignokaini yenye adrenalini: miligramu 7 kwa kilo.
- Bupivakaini: miligramu 2 kwa kilo.

Mtu mzima wa kilo 60: 60 × 3 = miligramu 180 za lignokaini tupu. Kwa 1% hizo ni mililita 18. Kwa 2% ni mililita 9 tu. Mtoto wa kilo 10: miligramu 30, yaani mililita 3 za 1%, au mililita moja na nusu ya 2%. Tazama jinsi nafasi ilivyo finyu. Bomba la mililita 5 lililojazwa 2% bila kufikiri lina zaidi ya mara tatu ya kikomo cha mtoto huyo.

Ukichanganya ganzi mbili, sumu zake hujumlishana. Ukitumia nusu ya kikomo cha lignokaini, umebakiwa na nusu ya kikomo cha bupivakaini. Na ukihitaji eneo kubwa, punguza nguvu ya dawa kwa maji ya chumvi; usiongeze dawa.

Unapochoma, vuta bomba nyuma kila unapobadilisha sehemu. Damu ikija, upo ndani ya mshipa.

Dalili za sumu: ganzi ya ulimi na midomo, ladha ya chuma, masikio kuvuma, kuongea ovyo, kutetemeka, kisha degedege na moyo kusimama. Mgonjwa anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka katikati ya upasuaji mdogo hajachoka. Acha kuchoma, ita msaada, mpe oksijeni na mpumulishe, tuliza degedege, na toa mafuta ya 20% mshipani: mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika moja, kisha mililita 15 kwa kilo kwa saa. Moyo ukisimama, endelea kubana kifua kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

## Hatua ya 8: Simameni, mseme kwa sauti

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%.

Haifanyi kazi ikijazwa kimya baada ya upasuaji. Mgonjwa aseme jina lake mwenyewe, asiulizwe "Wewe ndiye fulani?" kwa sababu mwenye hofu huitikia jina lolote. Msafishaji, mwanafunzi na bingwa wana haki sawa ya kusema "ngojeni." Kabla ya kufunga, gozi na vyombo vihesabiwe na watu wawili.

## Hatua ya 9: Kutoa usingizi

Kanuni ya kwanza: anayepasua si anayeangalia usingizi. Awepo mtu mwingine aliyefunzwa, kichwani mwa mgonjwa, tangu mwanzo hadi mwisho.

### Sindano ya mgongo

Isitolewe kwa mgonjwa aliyekataa, aliyepoteza damu nyingi na bado hajajazwa maji, ambaye damu yake haigandi, au mwenye jipu pale pa kuchoma.

Kanula na dripu vitangulie. Mstari unaounganisha vilele vya mifupa ya nyonga hupita karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Choma hapo au nafasi moja juu yake. Usipande zaidi, kwa kuwa uti wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2. Baada ya dawa kuingia, pima presha kila dakika moja au mbili kwa robo saa ya mwanzo. Mjamzito alazwe akiegemea kushoto, ili mfuko wa uzazi usiukandamize mshipa mkubwa.

Jaribu ganzi kwa pamba yenye spiriti: asihisi baridi katika eneo lote la kupasuliwa. Presha ikishuka, toa maji na efedrini kidogokidogo. Akisema vidole vya mkono vimekufa ganzi, sauti ikafifia au pumzi ikawa fupi, ganzi imepanda juu mno: oksijeni, mpumulishe kwa mfuko, inua miguu, toa dawa ya kupandisha presha, na atropini mapigo yakizidi kupungua.

### Ketamini

Hii ndiyo dawa inayopendwa sehemu zenye vifaa vichache, kwani presha hudumu na mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua. Ila sifa hiyo imezaa uzembe. Ketamini haimkingi mgonjwa dhidi ya matapishi, wala haiondoi haja ya kufunga kula, oksijeni na mtu wa kuangalia.

Hatari iliyojificha ni nguvu ya kichupa. Ipo ya miligramu 10, 50 na 100 kwa mililita. Aliyezoea ya 50 akichukua ya 100, ametoa dozi mara mbili bila kujua. Nakushauri uizimue kila mara kuwa kiwango kimoja: mililita 2 za ile ya 50, ongeza mililita 8 za maji ya chumvi, utapata miligramu 10 kwa mililita.

Dozi ya mshipani ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, taratibu kwa dakika nzima. Ukiisukuma haraka, pumzi huweza kusimama. Macho kubaki wazi na kuchezacheza ni kawaida. Mate mengi huweza kufanya koo lijibane. Nyonya mapema, na atropini iwe karibu. Iepuke kwa mwenye presha ya juu sana au kifafa cha mimba.

### Nusukaputi (usingizi kamili)

Oksijeni ya barakoa iliyobana vizuri kwa dakika 3 nzima kabla ya dawa. Hiyo ndiyo akiba yako ikiwa mrija utachelewa kuingia. Mashine ya kunyonya iwe imewashwa, chini ya mto. Mrija ukishaingia, thibitisha kwa kipimo cha hewa ya ukaa. Kifua kuinuka na sauti kwenye stetoskopu vimewadanganya wengi. Ukiwa na shaka, utoe mrija na umpumulishe kwa barakoa.

Usijaribu mrija mara tano. Ukishindwa mara mbili, badilisha kitu: mkao wa kichwa, kifaa, au mtu.

## Hatua ya 10: Angalia mgonjwa, si mashine peke yake

Andika presha, mapigo na oksijeni kila dakika 5. Gusa ngozi, tazama rangi ya midomo, sikiliza mlio wa kipima oksijeni. Mlio ukizama, masikio yatajua kabla ya macho.

Oksijeni ikishuka chini ya 94%, chukua hatua kwa mpangilio huu: ongeza oksijeni hadi ya juu kabisa, fungua njia ya hewa, je, kifua kinapanda? je, mapigo yapo? dawa gani imetoka kutolewa? mashine na mirija viko sawa? Wengi huanza kwa kubadilisha kidole cha kipimo. Anza na mgonjwa. Ikifika 90%, ni dharura, na daktari anayepasua aambiwe asimame.

Mfunike apate joto. Mwili ukipoa, damu huganda kwa shida na jeraha huambukizwa kwa urahisi.

## Hatua ya 11: Kuamka, na kurudi wodini

Mtoto wa kiume wa takribani miaka sita alishanifundisha jambo hapa, katika hospitali nitakayoiacha bila jina. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alisukumwa hadi wodini akiwa chali, bado amezama usingizini, na muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa wengi. Ulimi ulirudi nyuma ukaziba koo. Mama yake ndiye aliyeona midomo imebadilika rangi, akapiga kelele, na tukamuwahi. Tangu siku ile sikubali mgonjwa asiyeitikia jina lake atoke mikononi mwangu.

Mlaze ubavu, kidevu kikiwa juu, oksijeni ikiendelea. Pima kila dakika 5 mpaka aitikie, kisha kila robo saa. Asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kufuata dripu.

Anaruhusiwa kwenda wodini pale:

- anaitikia jina na anaweza kukohoa kwa nguvu;
- anapumua bila msaada, na oksijeni imetulia;
- presha na mapigo viko karibu na vya kabla ya upasuaji;
- maumivu na kichefuchefu vimedhibitiwa;
- jeraha halivuji damu;
- kama alichomwa mgongoni, ganzi imeanza kushuka na miguu inaanza kusogea.

Wa sindano ya mgongo asisimame peke yake mara ya kwanza. Mguu unaosogea kitandani huweza kukunjika sakafuni. Fuatilia kama amekojoa. Anayerudi nyumbani siku hiyohiyo aende na mtu mzima, na kwa saa 24 asiendeshe gari, asinywe kileo, asiweke saini kwenye jambo la maana.

Unapomkabidhi, msimame wote wawili kitandani na useme: jina, alichofanyiwa, aina ya usingizi, damu iliyopotea, dawa ya maumivu ya mwisho ilitolewa saa ngapi na inayofuata ni saa ngapi, anaweza kunywa lini, na apigiwe nani hali ikibadilika. Anayepokea apime mwenyewe presha, mapigo na oksijeni kabla wewe hujaondoka, na wote wawili mtie saini kwenye faili.